Kuisoma Nyonga ya Mwanamke kwa Mikono: Mwongozo kwa Wanaoanza Ukunga

Kila kundi jipya la wanafunzi wa ukunga na uuguzi huja na maswali yale yale. Nyonga inakaa hivi au vile? Spina za iskiamu, zile ncha kali za pembeni mwa njia, ziko wapi hasa, mbona kwenye mchoro naziona na kwenye modeli sizioni? Kwa nini vipimo vya milango ya nyonga vinaanza sentimita 11, 12, 13, halafu vinageuka? Kwa nini kichwa cha mtoto hakishuki tu moja kwa moja? Majibu yako vitabuni, lakini mwanafunzi anayesoma nyonga kwa macho peke yake huikariri leo na kuisahau mtihani ukiisha. Nyonga ni njia anayopita mtu. Njia huijui mpaka uipite, na hapa utaipita kwa vidole, kwa uzi na kwa vipande vya karatasi.

Mwongozo huu unamlenga anayeanza kabisa. Usiuharakishe. Ugawe katika vikao viwili au vitatu, na usiende hatua inayofuata kabla mkono wako haujaielewa hii uliyonayo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Modeli ya nyonga ya mwanamke, ya plastiki au mfupa halisi wa maabara. Kama huna, chapisha picha tatu kubwa: ya mbele, ya juu na ya ubavuni. Hatua za mwili wako na za karatasi utazifanya vizuri bila modeli.
- Karatasi ngumu ya manila, rula, penseli na mkasi.
- Kalamu ya maka na plasta ya kubandikia.
- Uzi mnene au kamba ya kiatu, pamoja na vitambaa chakavu viwili vitatu.
- Puto moja, kichupa kidogo cha plastiki na leso.
- Kiti kigumu kisicho na mto, na ukuta ulionyooka.

Onyo moja kabla ya yote: kuijua modeli si ruhusa ya kumpima mtu. Uchunguzi wa ndani hufanywa na mama akiwa ameelezwa na kukubali, na mwanafunzi akiwa na msimamizi wake kando. Na mjamzito anayetoka damu katika miezi ya mwisho haingizwi kidole mpaka ithibitishwe kwamba kondo halijakaa kwenye mlango wa kizazi.

Hatua ya 1: Iweke nyonga katika mkao wake

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, na kila kinachofuata huharibika pamoja nao. Mwanafunzi anaichukua modeli, anaiweka mezani kama bakuli, uwazi ukitazama dari, na kuanza kuisoma. Hakuna mwanamke anayesimama hivyo.

Ichukue modeli uisogeze ukutani. Tafuta zile ncha mbili zinazochomoza mbele, moja kila upande, pale mfupa wa iliamu, lile bawa pana la juu la nyonga, unapoishia kwa mbele. Kisha tafuta simfisisi, pale mifupa miwili ya kinena inapokutana katikati. Izungushe modeli mpaka ncha zote mbili na simfisisi viguse ukuta kwa wakati mmoja. Huo ndio mkao wa mwanamke aliyesimama wima.

Sasa itazame kutoka ubavuni. Mlango wa kuingilia haukutazama juu. Umeinama kuelekea mbele, ukifanya pembe ya kama nyuzi 55 hadi 60 na sakafu. Promontori, ule mdomo wa juu wa sakramu (mfupa wa nyuma katikati, chini ya uti wa mgongo), uko juu sana kuliko simfisisi. Kifandugu kimening'inia nyuma, na ncha yake inakaribia usawa wa simfisisi. Kaa na picha hii kidogo. Ukimwona mkunga anabadilisha uelekeo wa mikono yake kichwa kinapotoka, sababu iko hapa.

Hatua ya 2: Andika kushoto na kulia

Bandika vipande viwili vya plasta kwenye modeli na kuandika KUSHOTO na KULIA. Kushoto ni kushoto kwa mama, si kwako unayemtazama. Hatua inachukua dakika moja, nayo inaokoa alama nyingi, kwa kuwa kila mkao wa mtoto tumboni hutajwa kwa kufuata upande wa mama.

Hatua ya 3: Iguse kwenye mwili wako

Weka modeli chini. Mwanamume au mwanamke, unayo nyonga, na hatua hii unaifanya ukiwa umevaa nguo zako.

Shika kiuno kwa mikono miwili, vidole vikiwa mbele. Ukingo mgumu unaoulalia mkono ni ukingo wa iliamu. Ufuate kuja mbele na kushuka: utafika kwenye ncha ile iliyogusa ukuta. Ufuate kwenda nyuma: juu kidogo ya makalio wengi wana vishimo viwili vya ngozi, na vishimo hivyo viko usawa wa pingili ya 2 ya sakramu, karibu na pale sakramu inapoungana na iliamu.

Shuka kwa kidole kutoka kitovuni, katikati, mpaka ugonge mfupa. Hiyo ni simfisisi.

Sasa kaa kwenye kiti kigumu, uingize viganja chini ya makalio na uyumbe kidogo kushoto na kulia. Vitu viwili vigumu vinavyokuponda vidole ni mifupa ya kukalia, sehemu ya chini ya iskiamu. Umbali kati yao ndio upana wa mlango wa kutokea. Kifandugu kiko juu kidogo ya mkundu, kwenye mfereji wa makalio.

Usichoweza kukigusa hivi kwa nje ni promontori na spina. Ndiyo maana hivyo viwili vinasumbua.

Hatua ya 4: Mifupa minne, maungio manne

Rudi kwenye modeli. Mifupa ni minne tu: mifupa miwili ya nyonga, sakramu na kifandugu. Kila mfupa wa nyonga ulikuwa mifupa mitatu utotoni, yaani iliamu juu, iskiamu chini nyuma, na pubisi mbele. Mitatu hii hukutana ndani ya kikombe kinachopokea kichwa cha mfupa wa paja, na kushikamana kabisa mtu anapopevuka. Chora kwa kalamu mistari ya mipaka ndani ya kikombe hicho. Iliamu na iskiamu huchukua sehemu kubwa, pubisi inapata iliyobaki, kama moja ya tano hivi.

Sakramu ni pingili 5 zilizoungana. Kifandugu kwa kawaida ni pingili 4 ndogo.

Maungio nayo ni manne: simfisisi mbele, maungio mawili ya sakramu na iliamu nyuma, na ungio la sakramu na kifandugu. Kwa plastiki yote yamegandishwa kwa skrubu, na hilo linadanganya. Kwa mjamzito, homoni hulegeza kano za maungio haya. Nafasi ya simfisisi, ambayo kwa kawaida ni kama milimita 4 hadi 5, huongezeka milimita 2 au 3 hivi, na kifandugu husukumwa nyuma mtoto anapopita. Mama anayelalamika kwamba kinena kinamuuma akipanda ngazi au akigeuka kitandani hajadeka. Mara nyingi ni maungio haya.

Hatua ya 5: Fuata ukingo kwa kidole

Funga macho. Weka kidole kwenye promontori. Telezesha pembeni juu ya bawa la sakramu, vuka ungio la sakramu na iliamu, ufuate mstari uliopinda wa ndani ya iliamu kuja mbele, upite kwenye uvimbe mdogo pale iliamu inapokutana na pubisi, kisha juu ya tawi la pubisi mpaka ukingo wa juu wa simfisisi. Rudi promontori kwa upande wa pili. Umemaliza duara la mlango wa kuingilia.

Lililo juu ya mstari huo ni nyonga bandia, yale mabawa mapana yanayobeba utumbo na mimba. Kwa uzazi halina kazi kubwa. Lililo chini ni nyonga halisi. Hiyo ndiyo njia.

Pima ukuta wa mbele wa nyonga halisi kwa rula: urefu wa simfisisi ni kama sentimita 4. Pima ukuta wa nyuma, kwa kufuata mbonyeo wa sakramu na kifandugu: kama sentimita 12. Ukuta mmoja mfupi, mwingine mrefu mara tatu. Njia ya namna hiyo haiwezi kunyooka. Mtoto huingia akielekea chini na nyuma, akakunja kona, akatoka akielekea mbele na juu.

Hatua ya 6: Kata milango mitatu ya karatasi

Kama una muda wa hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii na inayofuata.

Kwenye manila kata matundu matatu. Kila tundu liandikie MBELE na NYUMA.

- Mlango wa kuingilia: sentimita 11 mbele kwenda nyuma, 13 kushoto kwenda kulia. Umbo la yai lililolala.
- Uwazi wa kati: duara la sentimita 12 kila upande.
- Mlango wa kutokea: sentimita 13 mbele kwenda nyuma, 11 kushoto kwenda kulia. Yai lililosimama.

Vipenyo vya mshazari, yaani vya kona kwa kona, ni 12 kote. Basi ukiandika jedwali utapata 11, 12, 13 juu. 12, 12, 12 katikati. 13, 12, 11 chini. Huhitaji kulikariri. Ukishayakata matundu kwa mkasi wako mwenyewe jedwali linabaki mkononi.

Hizi ni namba za kufundishia, za nyonga ya wastani yenye umbo linaloitwa la kike. Madaktari Caldwell na Moloy mwaka 1933 waligawa nyonga katika maumbo manne: la kike lenye mlango wa mviringo, la kiume lenye mlango wa pembe tatu, lililorefuka mbele-nyuma, na lililobapa. Yajue kwa ajili ya mtihani. Wodini utakuta wanawake wengi hawakai sawasawa katika kundi lolote kati ya hayo.

Hatua ya 7: Pitisha kichwa

Kata vipande vinne vingine, safari hii vya kupenya kwenye matundu.

1. Duara la sentimita 9.5. Hiki ni kichwa kilichoinama vizuri, kidevu kimegusa kifua.
2. Yai la 9.5 kwa 11.5. Hiki ni kichwa kilichonyooka: 11.5 ni kutoka kisogoni hadi kwenye paji, 9.5 ni upana kati ya mifupa ya pembeni.
3. Ukanda wa sentimita 12. Mabega.
4. Ukanda wa sentimita 13.5. Kichwa kilichoinuka nusunusu, paji ndilo linalotangulia.

Anza na yai. Jaribu kulipitisha kwenye mlango wa kuingilia urefu wake ukielekea mbele na nyuma. Linakwama: 11.5 haingii kwenye 11. Ligeuze lilale kushoto-kulia, linapita. Peleka kwenye duara la kati, linapita vyovyote utakavyoligeuza. Sasa lilete mlango wa kutokea vilevile lilivyolala. Linakwama tena. Lizungushe robo mzunguko, urefu uelekee mbele na nyuma, linatoka.

Swali la kwa nini mtoto anajizungusha umelijibu mwenyewe. Kwa mwili halisi mzunguko huo husaidiwa pia na mteremko wa misuli ya sakafu ya nyonga, tutaufikia.

Pitisha mabega nayo: yanaingia kwa upana, yanatoka kwa mbele-nyuma. Kumbe hata baada ya kichwa kutoka kuna mzunguko mwingine, ndiyo maana mkunga husubiri uso wa mtoto ugeukie paja la mama kabla ya kuhangaika na mabega.

Chukua duara la 9.5. Halikwami popote. Kidevu kuinamia kifua kunampunguzia mtoto sentimita 2 nzima, na katika kazi hii sentimita 2 ni nyingi mno.

Mwishowe ukanda wa 13.5. Utaugeuza utakavyo, hakuna mlango utakaoukubali. Paji likibaki limetangulia kwa mtoto aliyetimiza miezi, hapo ni upasuaji. Uso ukitangulia kabisa, kichwa kikiwa kimeinuka mpaka mwisho, kipenyo hurudi kuwa 9.5 na mtoto anaweza kupita ikiwa kidevu kiko mbele. Wanafunzi wengi hushangaa kwamba uso una nafuu kuliko paji. Karatasi haishangai.

Tahadhari: manila haikunjiki, kichwa cha mtoto hukunjika. Mifupa ya fuvu lake haijaungana, hupandiana kidogo. Usitumie zoezi hili kutabiri mama fulani atajifungua vipi. Hata kwa vipimo halisi, njia ya kweli ya kujua kama nyonga inamtosha mtoto ni kuufuatilia uchungu wenyewe unavyoendelea.

Hatua ya 8: Kipimo cha kidole

Njia ya mbele-nyuma ya mlango wa kuingilia ina vipimo vitatu vyenye majina yanayofanana, na wanafunzi huvichanganya. Vyote vinaanza promontori. Tofauti ni vinapoishia kwenye simfisisi.

Funga uzi kwenye promontori kwa plasta. Uvute hadi ukingo wa juu kabisa wa simfisisi: hicho ni kipimo cha anatomia. Uvute hadi mgongo wa simfisisi, pale panapojitokeza zaidi kuelekea ndani: hicho ndicho cha uzazi, kama sentimita 11, na ndicho kifupi kuliko vyote. Uvute hadi ukingo wa chini wa simfisisi: hicho ni cha mshazari, sentimita 12 hadi 13.

Kwa kidole unaweza kupata cha mwisho tu. Toa sentimita 1.5 hadi 2 unakadiria kile cha uzazi. Jaribu kwenye modeli: ingiza vidole viwili kutoka chini, elekeza juu na nyuma ukitafuta promontori. Ukiikosa usidhani umeshindwa. Kwa nyonga yenye nafasi nzuri kidole hakiifikii, na kutoifikia huko ni habari njema.

Hatua ya 9: Zitafute spina

Geuza modeli uitazame kutoka nyuma na pembeni. Fuata ukingo wa nyuma wa mfupa wa nyonga kushuka. Utapita pengo kubwa, kisha ncha kali inayotokeza, kisha pengo dogo, kisha mfupa wa kukalia. Ile ncha kati ya mapengo mawili ndiyo spina ya iskiamu. Itie rangi. Sasa ingiza vidole kutoka chini uiguse kwa ndani bila kuangalia: iko pembeni na nyuma kidogo, upande wa saa 4 na saa 8 mama akiwa amelala chali.

Kati ya spina na spina kuna kama sentimita 10 hadi 10.5, pembamba kuliko pote njiani. Ndipo sifuri ya kupimia kushuka kwa kichwa. Ncha ya fuvu ikiwa usawa wa spina unaandika 0. Juu yake hasi, chini yake chanya, kwa sentimita. Uvimbe wa ngozi ya kichwa usikudanganye: pima mfupa, usipime uvimbe.

Funga uzi kutoka spina hadi ukingo wa sakramu: hiyo ni kano ya kwanza. Funga wa pili kutoka mfupa wa kukalia hadi sakramu. Mapengo mawili sasa yamekuwa matundu mawili. Chukua uzi wa rangi nyingine, uutoe nje kwa tundu kubwa, uuzungushe nyuma ya spina, uurudishe ndani kwa tundu dogo. Hiyo ni neva ya pudenda, inayotoka pingili za sakramu 2, 3 na 4, nayo hubeba hisia za msamba. Ganzi ya msamba huchomwa karibu na spina kwa sababu hiyo. Wajanja wameshaelewa kwamba aliyeijua spina kwa kidole amejua mambo mawili kwa mpigo.

Hatua ya 10: Jenga sakafu

Mpaka hapa nyonga ina tundu chini. Kinachozuia viungo visidondoke ni misuli.

Kata vitambaa kuwa kanda. Ukanda wa kwanza ubandike nyuma ya pubisi upande mmoja, uupitishe nyuma ya pale puru inapokaa, urudi pubisi upande wa pili. Huu ni msuli unaovuta puru mbele na kusaidia kuzuia haja kubwa. Kanda za pili zitoke pubisi kwenda kifandugu, kila upande. Za tatu zitoke ukutani pembeni na kwenye spina kwenda kifandugu. Hizo tatu pamoja ndizo levata ani. Nyuma yake kuna msuli mmoja zaidi unaolala juu ya ile kano ya spina na sakramu.

Utabakiwa na mwanya katikati, mbele. Ndani ya mwanya, kutoka mbele kwenda nyuma, kuna mrija wa mkojo, uke, na nyuma yake puru ikielekea mkundu. Ni matundu matatu yanayojitegemea. Naandika hivi kwa makusudi, maana swali la kama mkojo na mtoto hupita tundu moja huulizwa hata na watu wazima waliokwisha kuzaa, na wanaona haya kuliuliza kwa sauti.

Nyama kati ya uke na mkundu ni msamba. Ndani yake kuna fundo ambamo misuli kadhaa hukutana. Mama akichanika mpaka kwenye misuli ya kubana mkundu, hiyo ni daraja la 3; ikifika utando wa ndani wa puru, daraja la 4. Angalia tena kanda zako: zinateremka kuelekea mbele. Sehemu ya kichwa inayozigusa kwanza husukumwa mbele, na hapo ndipo mzunguko wa hatua ya 7 unapopata msaada.

Hatua ya 11: Weka viungo

Puto lililojazwa hewa kidogo liweke nyuma ya simfisisi: kibofu. Kitambaa kilichoviringwa kiweke mbele ya sakramu: puru. Katikati weka kichupa, shingo chini, tumbo lake likilalia puto: mfuko wa uzazi. Kwa asiye mjamzito una urefu wa kama sentimita 7.5, upana 5 na unene 2.5. Kwa wengi huinamia mbele. Wapo ambao umeegemea nyuma tangu asili, na si ugonjwa.

Tandika leso, ndiyo utando unaofunika viungo vya tumbo, juu ya vyote vitatu uibonyeze polepole. Itaingia kifupi kati ya puto na kichupa, na itazama sana kati ya kichupa na puru. Shimo hilo la nyuma huitwa la Douglas. Mama akiwa wima au amelala chali, ni sehemu ya chini kabisa ya uwazi wa tumbo, kwa hiyo damu ya mimba iliyopasukia kwenye mrija wa uzazi, au usaha, hutuama pale. Kilichotenganisha shimo hilo na kidole cha mpimaji ni ukuta wa juu nyuma ya uke tu.

Ongeza hewa kwenye puto uone kichupa kinavyosukumwa. Kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka, na baada ya kujifungua huuzuia mfuko wa uzazi usibane, damu ikaendelea kutoka. Kabla hujaitafuta sababu nyingine, muulize mama amekojoa saa ngapi.

Moja la mwisho kwa watakaoingia chumba cha upasuaji: ureta, mrija wa kutoka figo kwenda kibofu, hupita chini ya ateri ya mfuko wa uzazi, sentimita 1.5 hadi 2 tu pembeni ya mlango wa kizazi. Maji hupita chini ya daraja. Anayekata daraja bila kutazama hukata na mfereji.

Ukikwama

*Kila nikiigeuza modeli napotea.* Irudishe ukutani, hatua ya 1. Ncha mbili na simfisisi, basi.

*Uwazi wa kati ni 12, mbona kati ya spina ni 10.5?* Ni sakafu mbili tofauti. Duara la 12 hupimwa juu zaidi, katikati ya simfisisi hadi pale pingili ya 2 na ya 3 za sakramu zinapokutana. Spina ziko chini ya hapo.

*Kitabu changu kina namba tofauti kidogo.* Ni kawaida. Waandishi hawapimi kutoka sehemu zile zile. Jibu mtihani kwa namba za chuo chako, na shika uhusiano: juu pana kwa kushoto-kulia, chini pana kwa mbele-nyuma.

*Sijui kama modeli niliyonayo ni ya mwanamke au mwanamume.* Tazama tao chini ya simfisisi. Tanua kidole gumba na cha shahada: tao likijaza nafasi hiyo, karibu nyuzi 90, ni ya kike. Likitoshea kati ya kidole cha shahada na cha kati, ni ya kiume. Usishangae ukikuta modeli ya kiume kwenye rafu ya ukunga.

*Yai langu la karatasi linapita kila mahali bila kuzungushwa.* Umekata matundu makubwa. Pima upya kwa ndani, kwa sababu mkasi hula milimita kadhaa kila ukingo.

*Sakafu ya vitambaa haishiki kwenye plastiki.* Futa modeli kwa kitambaa chenye spiriti kwanza, ikauke, ndipo ubandike plasta.